Habari za Michango na Adabu Zake, Tangu Siku za Wazee Wetu Hata Leo

Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisi ya mwandishi tuandike, katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, habari za michango: jinsi ilivyokusanywa na waliotutangulia, jinsi ilivyokuja kuharibika, na sheria na kanuni zilizowekwa ili kuitengeneza. Agizo hilo lina sababu yake. Wote waliohudhuria mkutano mkuu wanaikumbuka hundi ya shilingi 200,000 iliyoletwa kwa ajili ya mfuko wetu wa maziko na bwana mmoja ambaye si mwanachama, bali ana nia ya kugombea kiti. Aliomba jambo moja tu, kwamba jina lake na kiasi alichotoa visomwe mbele ya mkutano, naye apewe dakika tano za kuwasalimu watu.

Mkutano uligawanyika. Wengine walisema mjane haulizi jeneza limenunuliwa na nani. Wengine walisema chama kilichopokea fedha kwa masharti ya mtu hakiwezi tena kumkatalia mtu huyo jambo. Maneno yalikuwa makali, hata mzee mmoja akatoka nje. Bwana Mwenyekiti aliahirisha neno hilo. Mtoaji ameandikiwa stakabadhi ya kupokelewa, lakini hundi yenyewe ingali ndani ya sanduku la chuma la Mweka Hazina, wala haijapelekwa benki. Tunaomba mwasome haya mkiwa na hundi hiyo akilini.

Twaanza na mambo ya zamani, kwa kuwa vijana wengi hudhani ya kwamba michango ya hadhara ilizaliwa siku moja na Uhuru. Sivyo. Watu wetu walipotoka vijijini kwenda kufanya kazi Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu, mshahara ulikuwa mdogo wa kumtosha mtu mmoja kwa shida, na serikali ya kikoloni haikujishughulisha sana na maiti ya kibarua wala na mgonjwa aliyeachishwa kazi. Hapo ndipo vyama vya ustawi vilipopata kazi yao: jeneza, nauli ya gari moshi, blanketi, karo ya yatima. Vingine vilikuwa na shabaha pana zaidi. Mwaka wa 1923 kule Nyanza kilianzishwa chama cha Kavirondo Taxpayers Welfare Association, kikiongozwa na Archdeacon Walter Owen wa Kanisa la Anglikana. Mwaka wa 1929 chama cha Kikuyu Central Association kilimtuma Jomo Kenyatta kwenda London kueleza malalamiko ya ardhi, na fedha zilichangwa na wanachama. Wengi wa waliotoa walikuwa hawajapata kuiona bahari, nao walimlipia mtu nauli ya meli. Mwaka wa 1940, vita vikiwa vimeanza, serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Tangu hapo kila aliyeshika daftari la chama alijua kwamba daftari hilo huenda siku moja likasomwa na polisi.

Wazee waliotutangulia wametusimulia namna mchango wa chama ulivyopokelewa siku zile. Jumapili baada ya ibada iliwekwa meza, na mezani waliketi watu wawili, wala hakuna siku aliyeketi mmoja peke yake. Mmoja alihesabu fedha, wa pili aliandika. Mtu alipotoa, jina lake na kiasi chake vilitajwa kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Tumekuwa tukidhani ya kuwa kutaja huko kulikuwa kumsifu mtoaji. Mzee mmoja, aliyewahi kuketi meza hiyo akiwa kijana, alituonya kwamba hatukuelewa. Alisema wengi wa watoaji hawakujua kusoma. Stakabadhi ya karatasi isingewafaa kitu. Kusomwa kwa sauti ndiko kulikokuwa stakabadhi yao, na mashahidi wao ni watu wote waliokuwapo. Mtu aliyetoa shilingi tatu akasikia imetajwa mbili, alisimama pale pale akadai, na karani akafuta mbele ya macho ya wote. Tunawaomba wasomaji walishike neno hilo la mzee, kwa kuwa mengine yote tutakayoyaeleza yanalizunguka.

Adabu hiyo haikuwa yetu peke yetu. Wale waliosoma katika shule za misheni watakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakukubali kubeba fedha hizo peke yake. Alimtuma Tito, akampa na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa yenyewe, ili asitokee mtu wa kumlaumu. Mtume mzima alijiona ni mtu wa kutazamwa. Na ndugu zetu Waislamu wana jambo lao la kale katika habari hii: Kurani inawataja wakusanyaji wa zaka kuwa miongoni mwa wanaostahili sehemu ya zaka. Basi ujira wa mkusanyaji si aibu, ikiwa umewekwa wazi na sheria wala haukujichotea mwenyewe. Tutalirudia jambo la ujira hapo mbele.

Katika miaka ya 1930 mchango mkubwa wa Waafrika katika nchi hii ulikuwa wa shule. Wakikuyu waliotengana na wamisheni walijenga shule zao za kujitegemea, na mwezi wa Januari mwaka wa 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Fedha zilikusanywa kwa marika, kila rika likijitahidi lisiachwe nyuma na jingine, na wanawake nao walichangia bweni la wasichana. Kushindana kulikuwapo, hatukatai, lakini aliyeshindana ni rika zima wala si mtu mmoja. Chuo kilifungwa na serikali mwaka wa 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, na mahali hapo pakageuzwa pa kunyongea watu. Waliokuwa wametoa vijisenti vyao kwa ajili ya mabweni waliona mwisho huo kwa macho yao. Mtu akitushangaa kwa nini baadhi ya wazee hushikilia sana kujua fedha zitakaa wapi na kwa jina la nani, afikiri Githunguri.

Upande wa Nyanza, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliacha kazi ya ualimu akaandikisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation mwaka wa 1947, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akiwauzia hisa Wajaluo waliokuwa kazini. Hiyo ilikuwa biashara, si sadaka, lakini shida ilikuwa ile ile ya mtu kumkabidhi mwingine fedha na kumwona akipanda basi kwenda zake.

Mwaka wa 1959 ulikuja mchango ambao wazee wengi wangali wakiusimulia. Tom Mboya alipata marafiki Marekani, miongoni mwao mchezaji Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakasaidia kulipa ndege ya kuwachukua wanafunzi. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliondoka Nairobi. Nauli ilitoka ng'ambo, lakini fedha za matumizi zilibidi zitoke nyumbani, kwa hiyo vijiji viliandaa karamu za chai, watu wakauza kuku na mbuzi ili mtoto wa jirani apate koti na fedha za kuanzia. Hadi mwaka wa 1963 wanafunzi wapata 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Hata huko Marekani mchango huo haukukosa siasa. Mwaka wa 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, wakati ambapo John F. Kennedy mwenyewe alikuwa akigombea urais, na wapinzani wake wakapiga kelele. Wanafunzi walipanda ndege vile vile. Tunalitaja jambo hili kwa haki, kwa sababu wale wanaotaka hundi yetu ipelekwe benki wana hoja hapa, na hoja hiyo si ndogo.

Mwaka huo huo wa 1960 ndipo ilipotungwa katika Kenya sheria ya michango ya hadhara, iliyomtaka mtu anayetaka kukusanya fedha kwa umma apate kwanza kibali. Mfano wake ulikuwa umekwisha kuonekana Uingereza. Katika Vita Kuu ya kwanza walitokea huko matapeli wengi waliokusanya fedha kwa jina la askari majeruhi, hata Bunge likatunga sheria mwaka wa 1916 kulazimisha mashirika ya misaada ya vita yaandikishwe. Mwaka wa 1939 ikafuata sheria ya wale wanaokusanya nyumba kwa nyumba. Sheria hiyo ilitofautisha watu wawili: yule anayeanzisha mchango, na yule anayepita na sanduku. Sheria yetu nayo ina watu hao wawili. Tofauti hiyo ni ya maana, maana mara nyingi kijana mwenye sanduku hukamatwa, na bwana aliyemtuma akabaki nyumbani akinywa chai.

Tarehe 1 Juni mwaka wa 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta aliipa nchi wito wa Harambee. Lilikuwa neno la kazi, neno la watu wanaovuta kamba moja, na liliandikwa katika ngao ya taifa. Yaliyofuata ni ya kustaajabisha. Watu walijenga shule, zahanati, majosho na mifereji ya maji kwa mikono yao. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 shule za sekondari zisizosaidiwa na serikali, nyingi zikiwa za Harambee, zilizidi zile za serikali kwa hesabu. Vyuo vya ufundi vilivyochangiwa na wananchi wa kila sehemu vilizuka vile vile: cha Ramogi, cha Kimathi kule Nyeri, cha Murang'a, cha Magharibi kule Kakamega. Vitatu kati ya hivyo, cha Kakamega, cha Nyeri na cha Murang'a, leo ni vyuo vikuu. Serikali yenyewe iliona hatari mapema, kwani waraka wake wa mwaka wa 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika ulionya kwamba kazi za kujitolea hazina budi kuingizwa katika mipango, isije ikajengwa zahanati isiyo na mganga. Zilijengwa zisizo na mganga pia. Lakini mwanakijiji aliyebeba jiwe aliliona jiwe lake ukutani, na hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa rahisi kukaguliwa kuliko zote. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson waliandika kitabu kizima juu ya Harambee, kilichotoka mwaka wa 1977, na mtu akitaka kujua mengi zaidi atayapata humo.

Sasa tunafikia mahali pagumu. Je, jambo jema hivi liliharibika kwa njia gani? Wengi husema liliharibiwa na ulafi. Sisi, baada ya kuuliza na kusoma, twaona ya kwamba liliharibika kwanza pale meza ilipogeuzwa. Zamani waliotoa walikuwa wakiitazama meza, ili wawaone waliohesabu. Baadaye ikajengwa jukwaa, akaalikwa mgeni wa heshima, kikaletwa kipaza sauti, na watu wakageuka kumtazama mtoaji. Majina yaliendelea kusomwa, na kwa sauti kubwa kuliko zamani, ila usomaji ule haukuwa stakabadhi tena. Mgeni wa heshima alitaja laki zake na za marafiki zake, mkutano ukapiga vigelegele, naye akaondoka kwa gari kabla fedha hazijahesabiwa. Hakuna aliyethubutu kusimama na kusema kiasi kilichotajwa sicho kilichowekwa mezani. Ahadi zilihesabiwa pamoja na fedha taslimu. Wakati mwingine fedha zilizotolewa Jumamosi zilikuwa za umma, zikazunguka na kurudi kwa umma zikiwa na jina la mtu mmoja.

Kwa mtu wa chini nalo likaja jambo jingine. Wazee wa mashambani wanaikumbuka vizuri miaka ya 1980. Mtu alikwenda kwa chifu kutafuta barua, akaulizwa kwanza stakabadhi ya Harambee. Wafanyakazi walikatwa mishahara kwa michango ambayo hawakuulizwa. Kuku alichukuliwa, naye mwenye kuku akaandikwa kuwa amejitolea. Utafiti wa Anne Waiguru uliotoka mwaka wa 2002, ambao ulitumia habari za magazeti ya miaka ya 1980 hadi 1999, ulionyesha kwamba michango ilipanda kila uchaguzi ulipokaribia. Mwandishi huyo baadaye aliingia yeye mwenyewe katika siasa akawa Gavana wa Kirinyaga, jambo ambalo halipunguzi ukweli wa hesabu zake.

Serikali iliyoingia baada ya uchaguzi wa 2002 iliunda tume ya kuchunguza Harambee chini ya Koigi wa Wamwere. Mwaka wa 2003 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma, nayo ilisema mambo mawili waziwazi: ofisa wa umma asitumie ofisi yake kuwa mahali pa kuombea Harambee, wala asitumie cheo chake kumshurutisha mtu atoe. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka wa 2011 iliongeza kwamba anayegombea akishiriki katika mchango wa hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, huondolewa katika kugombea. Na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka wa 2012 ilimkataza ofisa wa serikali kuomba michango kwa umma, isipokuwa Rais ametangaza janga la taifa na kuruhusu mchango. Msomaji atauliza kama sheria hizo zilitiiwa. Jibu analo kila aliyehudhuria ibada za Jumapili katika miaka iliyofuata.

Ndipo ukaja mwaka wa 2024. Vijana walipoandamana mwezi wa Juni juu ya mswada wa fedha, walikuwa na malalamiko mengi, na mojawapo lilikuwa mabunda ya noti yaliyotolewa makanisani na watu ambao mishahara yao inajulikana. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika michango ya hadhara, na mswada wa kurekebisha michango ukapelekwa Bungeni. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais mwenyewe alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa fedha kwa ajili ya nyumba ya mapadri na kwa ajili ya kwaya na watoto, jumla shilingi milioni 2.6, akaahidi nyingine milioni 3 na basi. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa, na ahadi haitapokelewa, kwa kuwa zilikwenda kinyume cha mswada huo wa michango na cha maagizo ya maaskofu juu ya michango na siasa.

Tumejadiliana sana habari hii ofisini. Mmoja wetu aliona ni ukali uliopita kiasi, maana mapadri wa Soweto walihitaji nyumba kweli, na fedha ikisharudishwa hakuna anayerudi kuuliza kama paa limeezekwa. Hilo ni kweli. Lakini tumeona pia ya kwamba tangu sheria zilipoanza kutungwa, zilikuwa zikimfunga anayekusanya, anayeshurutisha, au mgombea anayeshiriki. Hapa kwa mara moja aliyepokea ndiye aliyejikataza. Nasi, wanachama wapendwa, katika habari ya ile hundi, sisi ndio tunaopokea. Yule bwana si ofisa wa umma, kwa hiyo sheria za 2003 na 2012 hazimgusi. Alipoileta, ile miezi minane ilikuwa bado haijaanza. Tulimwuliza wakili mmoja, naye akasema hakuna sheria inayotuzuia kuipokea. Basi neno limebaki mikononi mwetu wenyewe, na hapa ndipo panapohitajiwa kanuni ambayo chama hujiwekea bila kulazimishwa.

Kanuni za namna hiyo zipo, na zimeandikwa na watu ambao kukusanya misaada ndiyo kazi yao ya kila siku. Marekani, mwaka wa 1935, makampuni yaliyokuwa yakiajiriwa kuendesha michango ya hospitali na vyuo yaliungana, yakakubaliana yalipwe ujira uliotajwa tangu mwanzo, wala yasichukue sehemu ya kila dola inayoingia. Mwaka wa 1960 wakusanyaji wenyewe walianzisha chama chao, na mwaka wa 1964 kikapitisha kanuni za maadili, ambazo hata leo zinakataza malipo ya asilimia. Mwaka wa 1993 vyama vinne vya huko viliandika haki za mtoaji: aambiwe fedha zitatumika wapi, aonyeshwe hesabu, na habari za mchango wake zitunzwe kwa heshima na kwa siri. Mwaka wa 2006 wakusanyaji wa nchi nyingi walikutana Noordwijkerhout, Uholanzi, wakakubaliana juu ya misingi mitano, nayo ni ukweli, heshima, uadilifu, huruma na uwazi. Na Uingereza, mwaka wa 2015, baada ya kifo cha mama mzee mmoja aliyekuwa akipokea barua nyingi mno za kuombwa misaada, nchi nzima iliona aibu, ingawa jamaa zake walisema barua hizo hazikuwa sababu ya kifo. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo kipya cha kuwasimamia wakusanyaji, na kisha ikawekwa njia ya mtu kusema, msiniandikie tena.

Jambo la asilimia lilitufikia hata sisi. Miaka michache iliyopita alifika ofisini kijana mmoja mwenye maneno mazuri, akasema atatukusanyia karo za yatima kwa wafanyabiashara wa mjini, naye achukue moja ya tano. Halmashauri ya wakati ule ilikubali, na sisi ndio tulioandika barua ya kumtambulisha, hatukwepi. Alikusanya kweli. Baada ya miezi mitatu mwenye duka mmoja alikuja kulalamika kwamba ametembelewa mara saba, na mara ya mwisho aliambiwa kwamba jina lake litasomwa miongoni mwa waliokataa. Tulipomwuliza kijana, alijibu bila haya kwamba asipowabana watu yeye hali. Hapo tulielewa kwa nini wale wa ng'ambo walikataza jambo hilo zamani. Mkusanyaji wa zaka hupewa haki yake, lakini haki hiyo haikui kwa kumtisha mwenye duka.

Siku hizi meza imehamia katika simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mchango wa maziko hukusanywa kwa siku mbili kabla hata maiti haijatoka hospitali. Mwaka wa 2011, wakati wa ukame, mchango wa Kenyans for Kenya uliweka shabaha ya shilingi milioni 500 ukaipita, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watu waliotuma shilingi kumi kumi, ambao majina yao hayakusomwa na mtu. Hilo ni jema. Lakini katika vikundi vyetu vya simu orodha hupelekwa asubuhi na jioni, jina na kiasi, jina na kiasi, na asiyeonekana humo hujiona ametajwa kwa kutotajwa. Wanachama wawili wametueleza faraghani kwamba walikopa kwa riba ili wasionekane na sifuri.

Kabla ya kuandika haya tulitoa madaftari ya chama chetu yote tukayapanga juu ya meza. Katika daftari la kale kuliko yote tuliyo nayo, majina yameandikwa kwa jinsi watu walivyofika. Shilingi mbili za mama muuza mboga zimetangulia, shilingi 20 za karani wa reli zinafuata, kisha senti 50 za mtu ambaye jina lake limefifia. Kila ukurasa una sahihi mbili chini. Katika madaftari ya baadaye utaratibu umebadilika: aliyetoa nyingi yuko juu, aliyetoa chache yuko chini, na sahihi ni moja. Hatukupata katika kumbukumbu za mikutano azimio lolote la kubadili hivyo. Hakuna mbunge aliyetuagiza, wala chifu. Mkono uliobadili ulikuwa wa ofisi hii, na katika daftari la karibuni zaidi mwandiko ni wetu. Yuko mjane mmoja wa tawi la mjini ambaye kwa miaka minne jina lake lilikuwa la mwisho katika kila ukurasa. Mwaka wa tano hakuja. Tulimwandika kuwa amejiuzulu.

Kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, tangu mwezi uliopita tumerudia utaratibu wa kwanza. Majina yanaandikwa kwa jinsi yanavyofika, na sahihi ni mbili. Orodha ya simu inapelekwa mara moja tu, baada ya mchango kufungwa, ikiwa na jumla na matumizi. Asiyetaka jina lake litokee huandikwa namba ya stakabadhi, naye aweza kuja ofisini kuihakikisha. Haya ni ya muda mpaka mkutano uyathibitishe au uyakatae. Mjumbe wa tawi la mjini amekwenda kwa yule mjane, naye amerudi na neno kwamba atafikiri.

Habari ya hundi hatukupewa mamlaka ya kuiamua. Waliozungumza nasi wametaja njia tatu: kuirudisha, kuipokea kwa barua isemayo kwamba itaingizwa daftarini kwa zamu yake kama mchango wa mtu yeyote, bila kusomwa jukwaani na bila dakika tano, au kuipokea kama alivyoomba. Mfuko wa maziko kwa sasa unatosha misiba mitatu. Hundi hudumu miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa juu yake, na hii imekwisha kukaa sandukuni miezi minne. Mkutano wa pekee umeitwa Jumamosi ya pili baada ya kitabu hiki kuwafikia, saa nne asubuhi, na madaftari yote, la kale na la sasa, yatakuwa mezani kwa kila atakayependa kuyafungua.